Zedi ya Kiptere na Sikio la Jaduong'

Haya, chamgei nyote. Nyinyi wa wakshop mnaojificha huko nyuma karibu na birika, songeni mbele. Sauti yangu siku hizi haina stimu, na sitaki kurudia stori kama redio ya jirani. Na wewe wa boila, kama umeacha moto peke yake ndio uje ukule mandazi yangu, kaa tu. Kuanzia leo faktori ikilipuka si kazi yangu.

Mmeniambia niseme kidogo juu ya miaka yangu hapa kabla nirudi Chebunyo nikachunge ng'ombe. Mambo ya vyeo sitaongea. Nilipewa ovaroli ya kijani, ikararuka, nikapewa ya buluu, hiyo ndio promosheni. Shule pia msiniulize. Niliingia kwa mlango nikatokea kwa dirisha, mwalimu hata hakuwa amemaliza kuandika jina langu. Kwa hivyo nitaongea juu ya mtu mmoja na gari moja, na hii bisibisi nimeshika hapa. Ipitisheni, muione. Mtaona mpini wake uko na alama za meno. Usicheke, wewe. Si panya. Ngoja nifike hapo.

Siku yangu ya kwanza nilikuja kutoka kwetu Chebunyo, na huko kitu ya kelele nilikuwa najua ni fahali na shangazi yangu. Nikafunguliwa mlango wa chumba cha kusaga majani. Wacha niwaambie. Zile rola za wakati huo zilikuwa zinalia mpaka ndege akipita juu ya paa anasahau kupiga mabawa. Ng'ombe wa hapa Kimulot walikuwa wanakamuliwa siagi moja kwa moja, maziwa yalikuwa yanatetemeka yakiwa bado ndani. Na hakuna mtu alikuwa na hizo vikombe vya masikio nyinyi mnavaa leo mkijiona mapailoti. Tulikuwa tunaweka pamba, ikianguka kwa majani unaiacha iende, kuna mtu mahali alikunywa pamba yangu na akasema chai ni nzuri.

Ndani ya hiyo chumba hakuna mtu aliongea kwa mdomo. Tuliongea kwa mikono. Kushika tumbo ni chakula iko tayari. Kugusa kofia ni bosi anakuja. Na mtu akianza ghafla kupangusa kitu ambacho ni safi, ujue bosi ameshafika.

Huko ndani ndio nilipatana na Okelo. Alikuwa ametoka upande wa ziwa, fundi wa mashine, na Waluo wenzake walimwita Jaduong', ni kusema mzee wa heshima. Sisi Wakipsigis pia tukamwita hivyo, hata bosi. Alikuwa mrefu, mpaka mvua ikinyesha yeye analowa kwanza halafu anatuambia. Lakini mikono yake ilikuwa ya pole. Alikuwa anashika nati kama mtu anashika yai.

Hakuniambia jina lake, hakuniuliza langu. Alinipatia hii bisibisi. Ni ndefu, mnaiona, na huo mpini alichonga mwenyewe. Akachukua ncha akaiweka kwa nyumba ya beringi, na mpini akauweka kwa mfupa wa nyuma ya sikio langu. Halafu akanivuta nje, akaniuliza nimesikia nini.

Nikamwambia nimesikia kelele.

Akatingisha kichwa. "Kelele ni ya wageni, omera, ndugu yangu. Wewe sikiliza ndani ya kelele kuna nani."

Basi nikakaa na hiyo kazi. Na hii muishike, vijana, kwa sababu hizo komputa zenu za kupima mtetemo siku moja zitakosa stimu. Beringi mzima anaimba kama sufuria ya chai kabla ichemke. Beringi mwenye njaa ya grisi ni kama mtu anatafuna mahindi ya kukaanga huku anakuambia hana chakula. Na beringi aliyekwisha ni mawe kwa debe, hapo usisikilize tena, kimbia uzime. Jaduong' alinifundisha pia kwamba kelele ikizidi kabisa, unaziba masikio yote mawili na vidole, unauma mpini na meno. Mfupa unasikia. Nilijaribu mara moja, jino langu la nyuma likaingia gia ya nne, nikasema hapana, mimi nitatumia sikio.

Kuna msimu mmoja wa mvua majani yalikuja mpaka tukakosa pa kukanyaga. Rola ikaanza kupunguza nguvu, na kila mtu akawa na jibu. Mwingine alisema ni mota, mwingine ni mkanda. Mimi nilisema ni Mungu. Jaduong' akatembea pole pole kando ya laini yote na bisibisi yake, anaweka, anasikia, anatoa, kama daktari anapita wodini. Akasimama kwa beringi moja mwisho kabisa ambayo hakuna mtu aliishuku. Tulipofungua, ilikuwa imeoza kama jino la mla miwa. Tuliibadilisha, majani yakasagwa kabla yaharibike, na yeye akaenda kukula ugali wake baridi kama hakuna kitu imefanyika.

Ni kwa hiyo ugali ndio nilisikia habari ya Zedi.

Saa ya lanchi tulikuwa tunakaa nyuma kwa kuni za boila. Jaduong' akaniambia alipokuwa kijana alikuwa anapiga petroli mjini Kericho. Pasaka moja magari ya mashindano yakapita, matope mpaka kwa paa. Moja ikaingia kwake kujaza tangi. Ilikuwa gari ya Kijapani, nyekundu, milango miwili, pua ndefu kama ya mtu anayenusa mambo ya wengine, na nyuma imebandikwa herufi ya Zedi. Silinda sita, zimepangwa kwa laini moja. Dereva alikuwa na haraka, hata hakukubali kuzima. Jaduong' akajaza petroli huku hiyo injini inapumua karibu na goti lake. Halafu ikaenda. Akasimama na mpira wa petroli mkononi, akaisikiza ikipanda kilima katikati ya majani chai, gia ya pili, gia ya tatu, mpaka ikapotea. Alisema aliisikia mpaka Londiani. Mimi nikipeana hii stori kwa watu huwa nasema Nakuru.

Alikuwa anaiigiza na mdomo. Mtu mzima, mvi kichwani, anafunga macho anatoa hiyo sauti, na ugali unangoja. Halafu siku moja alimaliza kuiigiza, akagusa sikio la kulia.

"Hii ya kushoto ilishafungwa," akasema. "Hii ingine nayo inafungwa pole pole. Nataka niisikie hiyo gari mara moja tu, kabla mlango ufungwe kabisa."

Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba kelele ya rola ndiyo ilikula, na haitarudi. Mimi nilicheka kidogo, nikamwambia hapa kwetu Zedi utaitoa wapi, labda imee kwa shamba kama kabeji. Nilicheka kwa sababu sikujua mtu hufanya nini na maneno kama hayo.

Sasa sikieni vile Mungu hupanga. Mimi nilikuwa nimepata msichana Kiptere, huyu mama Chebet mnamuona hapo ananiangalia vibaya. Wajomba wangu wakanipeleka kwao kwa maneno ya ndoa. Wazee walikaa, wakaanza ng'ombe na mbuzi, na mimi nilikuwa nimekunywa chai nyingi, nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo. Kule nyuma kwa jirani kulikuwa na banda, na ndani ya banda kuku wamekaa juu ya kitu. Kitu yenyewe iko na pua ndefu. Kuku mmoja alikuwa ndani kabisa kwa kiti ya dereva, ameangalia mbele, amebakisha tu kukanyaga klachi. Nikazunguka nyuma, nikakwangua mavi ya kuku na kucha. Ikatokea Zedi.

Nilipiga mbio kurudi, nimefunguka shati, naongea peke yangu. Mjomba alifikiri namtoroka msichana. Ndoa ilitaka kuvunjika hapo hapo, na baba mkwe mpaka leo hajui vizuri kama nilimpendea binti au nilipendea jirani.

Mwenye banda alikuwa nyanya mmoja, Kogo Taplelei. Bwanake alikuwa dereva wa mzungu wa majani chai, na huyo mzungu alipoenda kwao akamwachia gari. Bwana akafa, gari ikakaa, kuku wakahamia. Jumapili iliyofuata nilimleta Jaduong'. Alisimama mbele ya hilo banda na kofia mkononi kama ameingia kanisani. Mimi nikaongea na Kogo kwa Kikipsigis, nikamwambia huyu mzee anataka hiyo gari aitengeneze.

"Gari gani?" Kogo akasema. "Hiyo ni nyumba ya kuku zangu. Mkiichukua, watalala kwa nani?"

Hakutaka kitu ingine. Tulimtajia mbolea, tukamtajia kukarabati paa, akakataa. Basi tukajenga nyumba ya kuku. Na Jaduong' hakuwa mtu wa kazi nusu. Tulitumia mwezi mzima wa Jumapili. Hiyo nyumba ilikuwa na vyumba viwili, dirisha, ngazi, na mfereji wa kushika maji ya mvua. Wageni wakija kwa Kogo walikuwa wanabisha huko kwanza. Kuku wenyewe walibadilika, wakaanza kutembea polepole na kutosalimia wenzao.

Ng'ombe wa babangu ndio waliivuta kutoka huko ndani mpaka kwa lami. Gari ya mashindano, wanaume, imefungwa kwa ng'ombe wawili, na kuku mmoja alikataa kushuka. Watu walitoka makanisani kuangalia. Huko kwa lami trakta ya kubeba majani ikaturushia kamba, tukaifikisha nyuma ya nyumba ya Jaduong' kwa laini za wafanyakazi.

Hapo ndio kazi ilianza, na hapo ndio vita na Min Atieno pia ilianza. Huyo alikuwa bibi yake. Mwanamke mfupi, mcheshi, anauza omena sokoni, na mdomo wake ulikuwa na mota mbili. Kila jioni alikuwa anarudi na stori zote za soko, nani amegombana na nani, nani amenunua samaki na macho bila pesa, na Jaduong' alikuwa anacheka mpaka majirani wanacheka bila kujua ni nini. Nyumba yao ilikuwa inajulikana kwa hicho kicheko. Lakini wakati Zedi ilipofika, kicheko kilikuwa kimepungua. Ilikuwa lazima akae upande wa sikio la kulia, apige kelele. Na stori ya kuchekesha ukiipiga kelele inakuwa kama matusi.

Alipoiona gari alizunguka mara moja, akaniambia, "Koech, kwetu mwanaume akileta mke wa pili anaambia wa kwanza. Na huyu hata hana meno."

Kweli hakuwa na meno. Radieta ilikuwa imetoboka, na sakafu ilikuwa imekuliwa na kutu mpaka ungeendesha kwa miguu yako. Tulichukua mabati ya kingo za masanduku ya chai yaliyotupwa, tukakata, tukachomelea. Injini ilikuwa imekwama kabisa. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki kwa kila silinda, tukaacha wiki, tukaongeza, tukaacha tena. Hii pia muishike, msije mkalazimisha injini iliyokwama. Mtu mwenye haraka anavunja pete za pistoni, halafu anasema ni bahati mbaya. Jaduong' alikuwa anakuja kila jioni anashika puli na mkono mmoja, anaisukuma kidogo tu, kama mtu anaamsha mgonjwa. Jioni moja ikasonga upana wa ukucha. Alinishika bega akaniangalia. Sisemi alilia. Nasema kulikuwa na moshi wa kuni.

Pete za pistoni tulizitoa kwa pikapu moja ya Kijapani iliyoanguka huko Sotik, damu yao ilikuwa moja. Gasiketi tulikata kwa mkono. Zile tundu ndogo ndogo za kabureta zilikuwa zimezibwa na uchafu kama wa jela, na waya ingezikwaruza, kwa hivyo nikaleta sosiot ya mamangu, ile kijiti yenye nyuzi ya kusugulia kibuyu cha maziwa ya mursik. Ilisafisha kila mahali. Lakini Zedi mwezi wa kwanza ilikuwa inanuka maziwa. Kiti nazo tulijaza na manyoya ya majani chai, ile takataka laini inayobaki ikichujwa. Usiketi hapo na nguo imelowa. Mimi niliketi nimenyeshewa, nikasimama na rangi ya kutosha vikombe sita.

Jumapili baada ya ibada ndio ilikuwa siku yetu. Na kila Jumapili nilikuwa naongeza sauti kidogo. Mara ya kwanza nilikuwa namwambia "Jaduong', niletee spana" kama hivi naongea. Baadaye nikawa nasimama upande wa kulia. Baadaye nikawa naonyesha na mikono, ile lugha yetu ya kwa rola, tukiwa nje kwa jua, hakuna mashine inalia, ndege tu. Min Atieno yeye alikuwa ameacha kuita. Akitaka mzee aje kwa chakula alikuwa anarusha kijiwe kidogo kwa mabati karibu naye ili aone kikiruka. Stori za soko aliacha kumpatia. Alikuwa anazipatia kuku wake, na siku zingine mimi. Mara moja alinipatia moja ya mwanamke aliyeuziwa sabuni akidhani ni jibini. Nikacheka mpaka nikaangusha kabureta. Jaduong' akainua kichwa kutoka kwa boneti, akaangalia mimi, akaangalia bibi yake, akatabasamu tu, vile mtu hutabasamu akipita kwa arusi ya watu hawajui. Min Atieno akaingia ndani.

Jaduong' alinifundisha kusawazisha kabureta kabla hata injini iwake, kwa sababu alikuwa anaogopa sikio lake halitafika siku hiyo. Zedi iko na kabureta mbili. Unachukua kipande cha mpira, upande mmoja kwa sikio, upande mwingine kwa mdomo wa kabureta, unasikiza vile inavuta hewa. Halafu ile ingine. Unazungusha skrubu mpaka zivute sawa. Alisema inatakiwa zipumue kama watoto wawili wamelala kitanda kimoja. Alinifanya nizoee na pampu ya baiskeli.

Kitu moja tu ilibaki, kifuniko cha distributa. Chetu kilikuwa kimepasuka, cheche zinakimbia kila mahali isipokuwa kwa plagi. Hakuna mahali hatukuuliza, Litein, Bomet, Kisumu. Binamu yangu akatafuta Nairobi huko Grogan kwa wauza spea, anasema wiki hii, anasema wiki ijayo. Nilikuwa nafikiri tunangojea kifuniko. Kumbe tulikuwa tunashindana.

Tulishindwa asubuhi moja ya kawaida. Mnajua king'ora chetu cha shifti. Hicho kikilia mama zangu huko Chebunyo walikuwa wanatoa uji kwa moto. Nilikuwa nimesimama na Jaduong' kwa mlango, ananionyesha kitu kwa mkanda, king'ora kikalia juu ya kichwa chetu. Watu wote wakageuka. Yeye akaendelea kunionyesha mkanda. Mimi nikamwangalia, yeye akaniangalia uso, halafu akageuka pole pole akaona watu wanatoka. Akajua.

Mtu asiyesikia king'ora hawezi kukaa karibu na rola, hiyo ni haki, hakuna mtu alikosea. Walimpeleka stoo apeane spana na ovaroli. Siku hiyo ya kwenda stoo alinipatia hii bisibisi.

"Shika," akasema. Alikuwa ameanza kuongea kwa nguvu, hakujipima tena. "Mimi sina kazi nayo."

Sikuichukua vizuri. Nilitia kwa mfuko wa ovaroli nikaangalia kando.

Na kifuniko kikafika wiki hiyo. Kimefungwa kwa gazeti, kizima, kizuri. Nilitaka kukitupa kwa boila. Nilimpelekea stoo nikaweka kwa meza. Alikifungua, akakizungusha kwa mkono kwa muda mrefu, akasema tutaweka Jumapili, kazi haiachwi nusu.

Nyinyi mnajua Zedi iliwaka, kwa sababu ndiyo ilinipeleka arusi, na ndiyo ilimbeba yeye na Min Atieno kwenda kwao ziwani alipostaafu, na mimi ndiye niliendesha, na kila kijiji watoto walikuwa wanakimbia kando. Atieno, binti yao, anayo mpaka leo. Jaduong' alipolazwa kaburini nilienda, nikasimama na watu, nikaweka mkono kwa hiyo boneti, ilikuwa imepata joto ya jua. Sasa mimi mwenyewe sikio la kushoto limeanza kupiga filimbi. Mtu akipita barabarani na injini nzuri nasimama. Nangoja. Si yenyewe. Haijawahi kuwa yenyewe. Nikiingia hapa kwa rola bado nagusa kofia nikimtafuta mtu wa kumwambia bosi anakuja, na nyinyi mnafikiri nawasalimia.

Lakini wacha nimalize ile Jumapili.

Laini yote ilikuja, wengine na Biblia mkononi kutoka kanisani. Kogo Taplelei alikuja kutoka Kiptere na mayai, akasema anataka kuona kama nyumba ya kuku inaweza kukimbia. Jaduong' aliketi kwa usukani, mimi nikakaa mbele kwa boneti. Nikaonyesha kidole. Akazungusha ufunguo.

Ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu na nyoya moja la kuku, naapa, ikatoka kwa ekzosi ikaenda juu. Halafu ikashika. Vijana. Silinda sita kwa laini moja. Ile sauti Jaduong' alikuwa anaigiza na mdomo miaka yote hiyo, ndiyo hiyo hiyo, hakuwa amekosea hata kidogo. Ilienda chini kwenye majani chai, ikagonga msitu wa Mau, ikarudi. Watu walipiga makofi, wamama wakapiga vigelegele, mimi nilikuwa naruka kama mtoto.

Nikamwangalia. Alikuwa ameketi ameshika usukani, uso umekunjwa, ananitazama mdomo.

"Imeshika?" akauliza.

Makofi yakaacha yenyewe. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinyamaza na injini inalia. Mimi nikafanya na kichwa, ndio, imeshika. Akafanya ndio pia. Akaweka mkono kwa dashibodi akausikia unatetemeka, akautoa. Akashuka. Nilifikiri anaingia nyumbani, na ningemwacha aende.

Akaja mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono. Sikuelewa. Akaugonga mfuko wangu wa ovaroli, huu wa mguu. Nikatoa bisibisi.

Akainama kwa boneti. Akaweka ncha kwa kichwa cha injini, akaziba masikio yake na vidole, kama anataka kuhakikisha yamefungwa kabisa, halafu akauma mpini.

Aliuma sana. Hizo alama mnaona ni za siku hiyo. Macho yalifungwa. Mabega yakashuka pole pole, yakashuka, nikaona machozi yanapita kando ya pua mpaka kwa mpini, na yeye hakupangusa, alikuwa anasikiliza. Akasogeza ncha kidogo, akauma tena. Akakaa huko, mahali alikuwa, labda Kericho, na mpira wa petroli mkononi. Hata kuku wa Min Atieno walinyamaza.

Halafu akakunja uso, akatoa mpini kwa mdomo, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Koech, namba nne inakosa kosa. Kazi gani hii?"

Nikaangalia. Waya ya plagi ya nne ilikuwa imelegea. Nikaibana, injini ikawa laini kama maziwa, na Jaduong' akauma tena mpini, akasikia, na akacheka. Kile kicheko cha zamani. Laini yote ikacheka bila kujua ni nini.

Na Min Atieno, aliyekuwa amesimama kwa kamba ya nguo na leso imefunika mdomo tangu mwanzo, akaitupa hiyo leso chini, akapasua katikati ya watu akaja mpaka kwa bumpa, akamwangalia bwanake, akaangalia bisibisi, akasema:

"Na mimi nikitaka kukupatia stori, hiyo bisibisi utaiweka wapi?"